Kifurushi cha Nne

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima zote na kwa masikitiko, nakutangazia rasmi kwamba kikombe changu cha bluu cha ofisini kimetoweka tangu Jumatatu. Naamini wewe na shemeji hamjambo, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni ndiyo nakuja kukueleza.

Unamkumbuka Kimya, mwenzangu wa meza ya dirishani, anayesalimia kwa nyusi. Yeye ndiye mshika funguo wetu. Programu, dada, haziandikwi zote upya. Tunachukua vifurushi, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa, na kila kifurushi kinaweza kuhitaji kingine ndani yake, kama sufuria zako zinavyokaa kabatini. Vya kwetu ni vya siri, kila kimoja na ufunguo wake. Kikombe kilipokosekana nilianza kumtazama Kimya kwa jicho la pembeni. Nilijiambia mtu asiyesema ana lake.

Jumatatu hiyohiyo mashine inayounganisha mradi wetu wa miadi ya hospitali ikagoma, na Ijumaa watu wa hospitali wanakuja kuuchukua. Ikadai kuna kifurushi hakipo, au kipo ila hatuna ruhusa. Lipi kati ya hayo, haisemi. Kwenye kompyuta yangu mradi ulikwenda vizuri kabisa. Basi nikaona kuna mtu kafunga mlango. Na asubuhi ile Kimya alikuwa amezipanga upya funguo zote.

Sikumsema kwa bosi, usinifikirie hivyo. Nilimwuliza tu, kwa upole, mlango ukifungwa aulizwe nani, mwenye funguo au asiye nazo. Bosi akakuna kidevu. Kufika mchana Kimya aliambiwa akabidhi funguo akasubiri nyumbani, na hapo pa kusubiri watu wa kwetu huwa hawarudi. Alipopita mezani kwangu alizungumza kuliko mwaka mzima uliopita: akaniambia nikatazame kifurushi cha ndani kabisa, maana ufunguo wa hicho yeye hajawahi kupewa. Nikamjibu nitatazama. Moyoni nikasema, huyo anajikosha.

Jana nikatazama. Cha kwanza kikafunguka, cha pili, cha tatu. Cha nne, cha ndani kabisa, kikakataa, nikatafuta mwenye kifurushi hicho ni nani.

Dada, ni mimi. Nilipoanza kazi pale wenzangu walikuwa na vyeti, mimi nimejifunzia kwenye simu iliyopasuka kioo. Niliandika kifurushi, nikaona aibu wasije wakakisoma. Nikakificha kwenye akaunti yangu binafsi, nikaiwekea mashine ufunguo wangu bila kumwambia mtu, nikasahau. Kompyuta yangu ilikuwa na nakala ya zamani, ndiyo maana haikulalamika. Sasa Jumapili ya kuamkia Jumatatu hiyo nilipokuja kwenu na vikorokoro vyangu vya kazi, ukanicheka kwamba nywila ya akaunti hiyo ni jina la paka wenu, nikaibadilisha palepale mezani pako. Kwenye akaunti ile, nywila ikibadilishwa, funguo zote za zamani hufa.

Leo nimemweleza bosi mbele ya wote, pamoja na yale maswali yangu ya upole. Kimya anarudi kesho. Kuhusu mimi hakuna aliyesema kitu, na sijui kama hilo ni jema. Bosi aliuliza tu kifurushi chenyewe kinafanya nini. Kina mistari minne. Kinaondoa nafasi tupu inayobaki mwisho wa jina la mgonjwa.

Nisalimie nyumba nzima, na paka pia, ingawa hatujuani tena kama zamani.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa Simu Mbovu

Nimeshaikunja barua, shemeji kanipigia. Kikombe kiko bafuni kwenu, mmewekea miswaki.