Viti Viwili Vilivyotazama Nyuma

Kwa mdogo wangu Yasunori,

Nina miaka themanini na minne. Mabomu ya vita ya Kochi yaliniacha hai nikiwa na minne, tetemeko likaja nalo likaniacha, vimbunga sivihesabu tena. Washonaji wote wa mikeka ya tatami wa mtaa huu waliosema nitafunga duka kabla yao, mimi ndiye niliyewapelekea ubani wa mazishi. Sasa hata mke wangu Sumie ametangulia, mimi nimebaki. Kwa hiyo afya yangu usiiulize: goti la kushoto linauma mvua ikikaribia, mengine ni chuma. Wewe je? Michiyo binti yangu anasema unakohoa. Kikohozi cha mtu wa miaka sabini na tisa si cha kuchezea. Kunywa maji ya moto ya ndimu ya yuzu, na umwambie mkeo nimekuamuru.

Barua yako niliipata. Unaomba ruhusa uje kwenye ibada ya siku ya arobaini na tisa ya msiba umchomee Sumie ubani. Najua kwenye mazishi nilikuzuia mlangoni mbele za watu. Kabla sijakujibu, utanisoma hadi mwisho. Kaka yako hakupita darasa la sita, lakini kesi hii ameichunguza kuliko polisi.

Kesi yenyewe unaijua. Mwaka wa maonyesho ya Osaka, Sumie alizungusha lile pipa la bahati nasibu la maduka ya mtaani, likatema mpira wa dhahabu: tiketi tatu za ndege za kwenda Osaka. Tukaenda mimi, yeye, na wewe na kamera yako. Mtaani kwetu hakuna aliyepanda ndege kabla yangu. Niliporudi niliwasimulia wanaume wote wa bafu la umma kwamba niliyacheka mawingu, nikayatazama kwa juu kama ninavyoutazama mkeka nilioushona mwenyewe.

Jambo moja sikuwasimulia. Mle ndani, mbele yangu, mmekaa wewe na Sumie, niliona mkono wako umeushika wake. Niliuona kwa macho haya haya.

Miaka hamsini na mitano nimeishi na mkono huo. Na sikuwa na huo tu. Mwezi uliofuata niliwakuta jikoni mnanong'ona, Sumie akasukumia bahasha ndani ya aproni, na wewe ghafla ukaanza kusifu samaki ambaye hata hajatolewa kwenye kapu. Mtu asiye na kosa habadili mazungumzo akimwona mwenye nyumba. Kila mlipokuwa mkicheka pamoja mkaniona, kicheko kilikatika. Nilikuwa nakiandika chote kichwani.

Halafu ile karamu ya mwaka mpya, nilipokuuliza waziwazi. Ulinijibu mbele ya wageni kwamba nimeota, kwamba viti vyote vya ndege ile vilitazama mbele kama vya basi, nawe ulikaa nyuma yetu. Ukaniuliza, kaka, kwani una macho kisogoni? Watu wakavunjika mbavu. Sumie naye, akiinamia chupa ya pombe ya sake, akasema ndiyo, vilitazama mbele vyote. Nilikutoa nje miguu mitupu, soksi zako zikabaki kwangu. Tangu siku hiyo hukukanyaga kwangu.

Baada ya mazishi nikasema nitaimaliza kesi hii kabla nami sijaenda. Michiyo akauliza watu kwenye simu yake. Mungu wangu! Mmoja aliyesema alipanda ndege ile ile akaapa viti vilizunguka meza kama watu wanacheza karata. Mwingine akaapa viliegemea kuta kama kwenye treni. Wa tatu akawaita wote wazee waliochacha, yeye alilala kitandani humo. Kila mmoja ana hakika, na hakuna wawili waliokaa ndege moja.

Nikapanda basi hadi Nankoku kwa Bi Orihara, aliyekuwa mhudumu kwenye ndege zile za pangaboi mbili. Siku hizi analima tangawizi. Alinicheka, akasema kila babu anayemjia alikaa karibu na rubani, na huenda mimi ndiye niliyeiendesha. Lakini akachukua kijiti akachora kwenye udongo: upande wa kushoto, safu ya kwanza, viti viwili vilitazama nyuma, magoti kwa magoti na safu ya pili. Alisema abiria walivichukia, maana mtu hakujua macho ayaweke wapi.

Nilirudi nikitamba peke yangu ndani ya basi. Viti vilitazamana! Basi Yasunori ni mwongo, na Sumie pia, na hakuna anayedanganya juu ya kiti kama hakuna siri aliyoikalia. Siku hiyo hiyo nikalifungua sanduku la kimono zake nitafute ile bahasha, niitie kwenye barua hii niimalize.

Ilikuwa chini kabisa, chini ya kimono ya harusi. Ndani mna picha moja, iliyopigwa kwa kamera yako na mhudumu, nadhani, maana wewe mwenyewe umo.

Sasa soma polepole, kwa kuwa naandika polepole. Mimi niko dirishani. Lile taulo la moto la kufutia mikono nimejifunika uso mzima. Sumie hayuko mbele yangu, yuko ubavuni. Aliye mbele ni wewe, umeinama hadi karibu uanguke kitini. Mkono wako na wake iko pamoja, hapo sikukosea. Lakini chini yake kuna mkono wa tatu, wenye kovu la sindano ya tatami kwenye kidole gumba. Ni wangu. Mmenishika kama mtoto anayechomwa sindano.

Nilikuwa nalia, Yasunori. Pangaboi zilipoanza, ilikuwa sauti ile ile ya mwaka wa mabomu, wewe hujazaliwa, mama amenifunika uso kwa kitambaa kilicholowa. Nadhani niliinua kona ya taulo mara moja tu, nikaona mikono miwili, nikafunika tena. Yaliyobaki nilijishonea mwenyewe. Nimeyacheka mawingu mara nyingi mno pale bafuni, hata nikasahau kwamba sikuyaona.

Nyuma ya picha Sumie ameandika: Mimi na Yasunori tumeahidiana kusema daima, aliyacheka mawingu. Kumbe hata viti mlivigeuza ili machozi yangu yasijulikane.

Njoo siku ya arobaini na tisa. Njoo mapema, kabla ya mtawa. Mto wako wa kukalia nitauweka mkabala na wangu, magoti kwa magoti. Lakini kuhusu viti nilikuwa sahihi, na hilo utalikubali mbele ya wageni wote.

Msalimie mkeo Toyoko. Mwambie aje na soksi za akiba, za kwako zile bado ninazo.

Kwa habari ya viti, shahidi wangu ni Bi Orihara wa Nankoku. Kwa habari ya mkono, shahidi aliye hai amebaki mmoja tu, naye anakohoa.

Kaka yako,
Okabayashi Tokuji