Ubeti Niliomwimbia Mama wa Marehemu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako, mke mwenzio, ni mzima, anabangua korosho.

Umeuliza kama niliwahi kuogopa kuimba Injili kwa lugha isiyo yangu. Sana! Nikiwa karani bandarini Mtwara, tulimzika kuli mmoja, Mmakonde. Bosi wangu, ambaye pia alikuwa mwalimu wetu wa kwaya, aliagiza, "Kiswahili tu." Mama wa marehemu, aliyetoka Nanyamba, hakukielewa, alitazama chini tu. Nilihofia kazi yangu, lakini nikaimba ubeti kwa Kimakonde nilichojifunza kwa makuli. Nikakosea.

"Si hivyo, mwanangu," mama akasema kwa lugha yake, akaanza kuniimbisha. Kwaya ikaitikia, bosi naye.

Basi imba. Ukikosea, wenye lugha watakufundisha.

Babu yako, Magomeni