Kijiji Ambacho Sijawahi Kufika

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Larissa ameniandikia leo, niko katikati ya kumsuka mteja. Larissa ni mtoto wa mama mdogo: mimi ni yaya wake, dada mkubwa, na mama yangu ndiye Mama Mkubwa wake. Mwezi uliopita paroisse, parokia yetu, ilimpeleka Ujerumani, mwaka mmoja wa kuhudumia wazee.

"Yaya Sikujua, Jumamosi sina kazi. Nakuja kwako Krähenrode. Mama Mkubwa alinipa ndagala zako, ziko hapa kwenye mfuko."

Ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mikono ilisimama. Mteja akauliza kama nimemaliza. Bado, nikasema.

Kwangu ni Point, Durban, chumba cha ghorofa ya tatu. Ujerumani sijawahi kukanyaga.

Jumanne, 7 Oktoba

Niandike basi, hakuna atakayesoma. Mwaka 2019 niliagwa kanisani Uvira, watu wakaniwekea mikono kichwani: Sikujua anakwenda Ulaya. Safari ikaishia hapa. Mtu aliyeniahidi visa alizima simu. Nyumbani nilisema niko njiani. Miezi minane — njiani. Halafu Mama akalazwa, apasuliwe, akanipigia kabla hawajamwingiza ndani. "Umefika?" Nimefika, Mama. Neno moja. Nilidhani nitalirekebisha akipona.

Alipona, akauliza mji gani. Nikatafuta kwenye simu kijiji kidogo kabisa, ambako Mkongomani hawezi kutokea akaniumbua. Ukurasa wa commune yao, ofisi ya kijiji, ni mfupi. Wakazi 412. Shule ilifungwa. Duka hakuna, mkate unaletwa na gari Jumanne na Ijumaa. Kanisa la mawe. Zimamoto ni watu wa kujitolea, wako na picha yao, karibu wote wana sharubu. Meya halipwi, kazi yake hasa ni kuuza mbegu.

Nakijua kuliko mtaa huu ninaolala. Kila Jumapili namsimulia Mama: leo zimamoto walifanya sherehe, leo theluji imeziba barabara. Yeye ananiombea nisishikwe na kifua. Mimi jasho linanitoka, feni iko miguuni.

Hata namba ya simu ni ya Afrika Kusini. Nilimwambia nimebaki na ile ya zamani. Akaamini. Hajawahi kuniuliza jambo mara mbili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilimjibu Larissa: usije, Jumamosi niko kazini. Akasema atangoja nje. Nikasema wikendi hakuna basi — na hiyo ni kweli, imeandikwa. Akasema atashuka kwenye treni atembee. Kilomita sita si kitu kwa mtu wa Uvira.

Halafu akaandika: "Yaya, tangu nifike sijaongea Kiswahili na mtu uso kwa uso. Wazee ninaowaosha hawajui hata jina langu. Nataka tu kukaa na wewe siku moja."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa peke yangu, hakuna mteja, hakuna kelele. Nikaandika: karibu, mdogo wangu.

Karibu wapi?

Ijumaa, 10 Oktoba

Constance, mwenye saluni, aliona akili yangu haipo. Akauliza kama nina mgonjwa. Nikasema kichwa kinauma. Uongo mwingine, mdogo, umetoka wenyewe.

Sijamwambia Larissa. Nilishinda na simu mkononi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Picha ya kwanza saa tano asubuhi. Kibao cha njano chenye jina la kijiji, na yeye pembeni, kofia ya sufu, anatabasamu, mfuko wa ndagala kifuani. Picha ya pili, kanisa. Ni dogo kuliko nilivyolijenga kichwani. Halafu simu ikaita. Nikatoka nje, nikasimama karibu na robot, taa za barabarani.

"Yaya, niko kwenye nyumba ya nne baada ya kanisa, kama ulivyomwelekeza Mama Mkubwa. Iko na mzee mmoja na mbwa wake. Anasema hajawahi kuona Mwafrika anaishi hapa. Nimemwambia yeye ndiye hakujui."

Alinitetea. Alisimama kwenye baridi akabishana na mzee wa watu kwa ajili yangu.

"Larissa," nikasema. "Huyo mzee anasema kweli."

"Ulihama?"

"Sijawahi kuishi hapo. Niko Durban. Tangu 2019 niko Durban."

Nilisikia upepo wa kule, na mbwa. Huku taxi ikasimama mbele yangu, kondakta anaita "Pinetown, Pinetown." Nilijua Larissa amesikia.

"Na theluji?" akauliza. Sauti imekuwa ndogo. "Mama Mkubwa alinifundisha kuvaa soksi mbilimbili. Alisema wewe ndiye ulimwambia."

Nikasema nisamehe. Simu ilikatika, au aliikata.

Nilirudi ndani nikamaliza kichwa nilichokianza.

Saa tisa ukaja ujumbe. Mzee na mke wake wamemwingiza ndani, wamempa supu, watampeleka stesheni na gari lao. Ndagala amewaachia. Hawakujua zinapikwa namna gani, akawaonyesha.

Na chini yake: "Mama Mkubwa alipiga nikiwa mezani kwao. Aliuliza kama tumeonana. Nilisikia watu wengi nyuma yake, wote wananyamaza wasikie. Nikasema ndiyo. Nikasema umenenepa. Yaya, yule mama ndiye alinilea. Sikuwahi kumdanganya. Kesho atakupigia, sema mwenyewe. Mimi sitarudia."

Nilisoma nikiwa kwenye ngazi, nikakaa hapohapo. Watu wakawa wananiruka. Aibu yangu mwenyewe nilikuwa nimeizoea miaka sita, nalala nayo, naamka nayo. Hii ni nyingine. Nimemtia msichana wa watu uongo mdomoni, ugenini, kwenye meza ya watu waliomhurumia.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama amepiga saa saba mchana. Hakunipa nafasi ya kuanza. Leo kanisani wametoa shukrani: mabinti wawili wa familia moja wamekutana Ulaya. Tumetajwa majina, watu wakasimama. Sasa wageni wako nyumbani, wanakula. "Salimia, wanakusikia wote." Ameweka sauti ya nje.

Nikasalimia. Mwanaume mmoja akauliza baridi ya huko iko namna gani. Wakacheka, wakangoja jibu.

Nilikuwa nalo jibu. Asubuhi niliangalia, kwa mazoea tu: digrii tisa, mawingu.

Nikasema, "Mama, ondoa sauti ya nje, uende chumbani. Nina neno lako peke yako."

"Uko mgonjwa?"

"Hapana. Nenda tu chumbani."

Hajui kuiondoa. Anatafuta mtu wa kumsaidia, simu ameishika mkononi. Ninaandika nikingoja, ili vidole viwe na kazi, nisikate. Sahani zinagongana. Mtu anamuuliza kuna nini, anajibu hata yeye hajui, labda uchumba. Wanashangilia. Kelele zinapungua. Mlango.

"Haya, mwanangu. Niko peke yangu, nimekaa kitandani. Sema."