Lalamiko Lisilo na Maneno

Dranya, 6 Oktoba 2025

Kaka Lemi,

Salamu kutoka nyumbani. Tunapumua, mgongo wangu ulioungua unakauka polepole. Ulifika Arua salama? Unakula?

Ulipoondoka tu baada ya mazishi, ndugu zake Mama walikataa chakula chetu. Mjomba Swaka akasimama mbele ya watu: "Dada yetu alikufa na nini? Sisi iko nataka jibu." Kisha akanitazama mimi. Wanasema niliacha sigiri ya makaa ndani ikiwaka, nikamuunguza Mama. Wamenipa mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Nikikosa jibu, nitoke Dranya na watoto wangu.

Sigiri ilikuwa nje, Lemi. Iliyolipuka ni betri ya sola. Mama aliipiga picha mwezi wa nane ilipoanza kuvimba, akazituma ofisini kwenu mnakouza hizo sola. Simu yake imeungua. Nitafutie hizo picha.

Dada yako,
Scovia

Arua, 9 Oktoba

Dada Scovia,

Pole, na pole tena. Mimi mzima wa mwili tu.

Nimetafuta. Hapa kila lalamiko hupewa namba, tunaliita tiketi, na siku hizi tunaye msaidizi wa akili bandia anayezisoma zote na kutuletea tunachotaka. Nimempa namba ya simu ya Mama. Amejibu: tiketi moja, ya Agosti, haina kitu. Huenda Mama hakubonyeza vizuri. Unajua macho yake yalivyokuwa.

Kaka yako,
Lemi

Dranya, 10 Oktoba

Lemi,

Hujambo? Mimi sijambo la kusema tu.

Usimsingizie marehemu. Nilikaa naye, nikaona zikienda: picha tatu na sauti yake. Nilimwambia akupigie wewe. Akakataa: "Lemi alisema maneno ya ofisi ipite ofisi." Wewe ndiye uliyemkataza. Mwambie huyo msaidizi wako arudie. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.

Dada yako,
Scovia

Dranya, 15 Oktoba

Lemi, salamu. Upo? Mbona kimya? Watoto wananiuliza tunahamia wapi.

Dada yako,
Scovia

Arua, 17 Oktoba

Dada Scovia,

Sina uso wa kukuuliza hali.

Picha ninazo. Nilizipata Jumapili, na siku tano nimekaa nazo kama mwizi.

Msaidizi wetu husoma maneno. Picha na sauti ni viambatisho, na haviletwi mpaka umwamuru aifungue tiketi yenyewe na kuvitoa kimoja kimoja. Mama hakuandika hata neno, angeandikaje? Basi mashine ikaweka "ujumbe mtupu". Wazee wengi wa kwetu hutuma hivyohivyo, picha na sauti tu. Na sisi kila Ijumaa tunazifunga tiketi tupu zote kwa mkupuo bila kuzitazama, wiki iishe ofisi ikiwa safi. Ijumaa ile ya Agosti zilikuwa arobaini na moja. Chini ya tiketi ya Mama kuna jina la aliyeifunga. Ni langu.

Sauti inasema: "Hii betri iko navimba. Mimi naogopa yeye. Kama Lemi iko hapo, muambie ni mama yake."

Vyote nimevituma kwenye simu yako pamoja na barua hii. Wasomee wajomba kila kitu, na jina langu pia, wasije wakasema umetunga. Nilimwacha Mama aungue, kisha nikakuacha wewe ubebe lawama.

Kaka yako,
Lemi

Dranya, 19 Oktoba

Lemi,

Tumeamka.

Nilianza na sauti. Mjomba Swaka, na ukali wake wote, alilia akiziba mdomo kwa kofia. Kisha nikaonyesha picha, kisha nikasoma barua. Nilipofika kwenye jina nilitaka kuliruka; wewe na mimi ni tumbo moja. Mjomba akasema, "Soma." Nikasoma.

Mimi nabaki hapa na watoto. Wewe wamesema usikanyage Dranya mpaka wakuite wenyewe, hata siku ya kumwombea Mama. Sikukutetea. Ile Ijumaa ningeweza kukusamehe, maana hukujua. Lakini zile siku tano ulijua, na mimi nilikuwa nafunga nguo za watoto kwenye shuka.

Usinijibu.

Scovia