Spika ya Kwangu, Spika ya Kwake

Jumatatu, 5 Mei
Nimepepeta alizeti, nimeswali adhuhuri, nimepika. Upepo mwingi, mchanga hadi ndani ya sufuria. Mbuzi wamekatakata tena waya wa spika uani. Baba Hamisi kauangalia akasema waya sasa basi. Atatengeneza kitu cha kurusha sauti hewani kama stesheni ya redio, ila iishie uani kwetu tu. Atakaa barazani pale stoo na wazee wake, asome darsa la alasiri kwenye maiki. Kwangu isikike, kwa mke mwenzangu Zuhura isikike, na wanawake wanaokuja kusikiliza wakae ndani kama kawaida. Spika mbili, sawasawa. Mume wangu ni mtu wa haki. Hata sukari anatupimia.

Nimefurahi. Kazi ya redio tumeifanya pamoja tangu Hamisi ananyonya. Yeye anachoma risasi kuunganisha nyaya, mimi nashika tochi. Nimempangusia meza pale barazani, nimemtafutia kalamu ya kuzungushia waya wa koili.

Jumatano, 7 Mei
Sikuitwa.

Nimerudi na ndoo ya maji, namkuta Zuhura kakaa kwenye kigoda changu, chuma cha kuchomea risasi kiko mkononi mwake. Yeye ndiye anayechoma. Baba Hamisi kakaa pembeni, mikono kaibana kwapani, anamwelekeza kwa kidevu. Miaka yote ile mimi sikupewa chuma hicho hata siku moja. Nilishika tochi tu. Na huyu hajui hata transista ina miguu mingapi.

"Shikamoo, dada," ananiambia, anatabasamu. Shikamoo yake inanizeesha. Nimeitikia marahaba kwa sababu ni lazima.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo. Nimemwomba Mungu aniondolee, halafu nikatoka kwenye mswala nikaenda kuchungulia dirishani.

Ijumaa, 9 Mei
Kinafanya kazi. Kopo la siagi, ndani yake betri, transista moja, vikorokoro vingine na koili ya waya wa shaba. Kwetu sisi redio ndogo ndogo, kila moja imeunganishwa na spika yake. Baba Hamisi kazitega mahali ambapo hakuna stesheni. Sauti yake imeingia kwangu safi, utadhani kakaa kwenye kochi. Kaonya mtu asiguse koili, ukiisogelea tu na kidole stesheni inakimbia.

Bi Asha, jirani yangu, anapenda utani. Kasema, "Kumbe bi mdogo ni fundi. Sasa wewe bi mkubwa ubaki na mwiko wako." Wanawake wote wakacheka. Na mimi nimecheka. Shingo imeniuma kwa kucheka kule.

Jumapili, 11 Mei
Nimefanya.

Baba Hamisi na Zuhura walipokuwa sokoni nimefungua kopo, nimetanua koili kwa kijiti cha kuchokolea meno. Kidogo tu. Naijua tabia yake, nimemwangalia Baba Hamisi miaka mingi: koili ikitanuka, stesheni inapanda juu. Nikaifuata kwenye redio yangu mpaka nikaipata. Ya Zuhura nikaiacha ilipo.

Alasiri kwa Zuhura ni mkwaruzo mtupu. Wanawake waliokuwa kwake wakahamia kwangu, na yeye nyuma yao, akakaa mlangoni. Baada ya darsa Baba Hamisi akamsema mbele ya watu, kwamba amechezea kitufe cha redio. Hakujitetea. "Nisamehe, mzee." Basi.

Nilifurahi mpaka magharibi. Kwenye sijida furaha ikaniishia. Nimeinuka na aibu.

Jumanne, 13 Mei
Darsa lilikwisha, wageni wakaondoka, nikabaki nakusanya vikombe. Spika yangu bado inaongea. Wamesahau kuzima maiki. Ningeweza kuizima. Sikuizima.

Redio ya Zuhura bado inakwaruza, naye alikuwa anamwambia mzee aniite mimi nikague kile chombo, kwa sababu mimi ndiye ninayekijua. Halafu sauti ya mume wangu:

"Mama Hamisi simwiti. Yule alinijua mikono ikiwa mizima. Wewe umeikuta hivi."

"Utamficha mpaka lini, mzee? Kanzu anafua yeye. Chai inakumwagikia kila siku."

"Anadhani ni uzembe. Mwache adhani."

Nimekaa chini pale pale na vikombe vyangu. Kumbe mikono inamtetemeka. Na kanzu zile nimezifua nanung'unika, mzee gani huyu, anakunywa kama mtoto.

Nimemlilia Mungu. Lakini wivu haujaisha, umegeuka tu. Zuhura amepewa siri, mimi nimepewa kanzu.

Ijumaa, 16 Mei
Upepo umetulia.

Baba Hamisi akiwa msikitini nimekwenda barazani bila kuitwa. Zuhura alikuwepo. Nimefungua kopo mbele yake, nikaibana koili taratibu mpaka redio yake ikashika. Nikamwambia ni mimi niliyeitanua.

"Najua, dada," akasema. "Kijiti umekiacha humo ndani."

Akaanza yeye kucheka, nikafuata. Nikamfundisha kudondosha nta ya mshumaa juu ya koili, ikiganda haitembei tena. Mkono wake mwepesi kuliko nilivyotaka uwe. Nimemwomba amwambie mzee kwamba hakuwa yeye. Akasema hiyo niseme mwenyewe. Nimesema, aliporudi. Baba Hamisi hakuuliza kwa nini.

Redio yangu nimeirudisha ilipokuwa. Alasiri sauti imefika kwangu, na kwake pia imefika. Wanawake wamegawanyika kama zamani. Baada ya darsa nimempelekea chai, nusu kikombe, isimwagike. Akakiangalia kikombe, akaniangalia mimi. Kisha akakipokea kwa mikono yote miwili, mbele yangu, akanywa.

Leo usiku zamu ni ya Zuhura.