Mguu wa Kushoto wa Shomari

Jumanne, 2 Agosti 1955

Nimefagia uwanja mwenyewe tena. Watu wananicheka, refa gani anashika fagio! Wacheke. Mchanga ukifagiwa vizuri, mguu huacha alama ya ulichofanya, na mbishi hana la kusema. Mpira wa kikapu si kandanda. Ukishaudaka, mguu mmoja ubaki palepale, hata ukigeuka, mpaka uurushe au uudundize. Basi. Vijana wetu wa Bagamoyo wanaukumbatia na kukimbia nao kama wezi wa kuku.

Leo nimempigia filimbi Shomari mara nne, na ndiye bora wetu. Mara zote nne nimemwonyesha nyayo zake. Kakubali. Baba yake, Mzee Sefu, mwenyekiti wa timu, amenuna pembeni. Anune.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimetoka shule nimekuta nguru mzima jikoni. Kaletwa na Mzee Sefu. Kitoweo cha mwalimu, eti, kuelekea Jumamosi. Ptuu! Jumamosi tunacheza na vijana wa Dar, mshindi achukue kikombe.

Nimembeba nguru kwa mkia mpaka barazani kwake, watu wakitazama. Hakuona haya hata kidogo. Akacheka: "Mwalimu, mkono mtupu haulambwi." Nimeona kinyaa hata kumpa mkono. Nyumbani mke wangu, Mama Halima, hasemi nami, alikwisha kukuna nazi. Tumekula mchicha.

Ijumaa, 5 Agosti

Tukitoka msikitini Mzee Sefu kanishika bega mbele za watu, kama tumeshapatana. Nimerudi nyumbani nikabadili kanzu. Mtu mchafu.

Jumamosi, 6 Agosti

Tumefungwa. Ishirini na mbili kwa ishirini na moja. Sasa niandike lililobaki.

Dakika ya mwisho Shomari aliudaka mpira chini ya kikapu. Mguu wa kushoto chini, akageuka. Nyuma yake nikamwona baba yake, anakenua, ananikonyeza mimi. Nikapuliza. Mpira ukaingia, lakini nilikuwa nimeshapuliza. Haukuhesabiwa.

Ndipo nikatazama chini. Alama ya mguu wa kushoto ilikuwa duara moja dogo, kama pale palipokaa kinu. Haukusogea. Wachezaji walikuwa wanakuja kubisha. Nikaifuta kwa kiatu.

Sikumpigia filimbi mtoto. Nilimpigia baba. Lo, najichukia.

Jumapili, 7 Agosti

Mtaani salamu yangu haiitikiwi. Wanasema nimehongwa na watu wa Dar. Hao watu wa Dar nao wamenisifu kabla ya kuondoka: refa wa haki, hapendelei kwao. Sifa ile imenichefua kuliko nguru.

Mama Halima ananitetea kwa majirani. Mume wangu alirudisha samaki, huyo ndiye wa kupindisha mchezo? Nimemsikia toka chumbani. Sikutoka.

Jumatatu, 8 Agosti

Asubuhi nimekwenda kumtafuta Shomari. Nimemkuta uwanjani peke yake. Anadaka, anageuka, anainama kutazama mchanga, anatikisa kichwa. Anarudia.

"Shikamoo, Mwalimu. Hebu nitazame. Tangu juzi natafuta nilipokosea. Naona mguu hautoki, lakini wewe ulipuliza, basi ulitoka."

Kisha kaacha kugeuka kabisa. Sasa anadaka na kusimama wima tu, miguu yote miwili imeganda. Mchezo ule mzuri kautupa kwa ajili yangu.

Nimemwambia yote. Kwamba hakukosea. Kwamba niliiona alama na nikaifuta. Ningefurahi angenitukana. Badala yake kauliza kwa adabu:

"Sasa, Mwalimu, nitajuaje nikikosea kweli?"

Nimekwenda barazani kwa baba yake. Mzee Sefu alikuwa anakunywa chai na wenzake. Nimekaa mkekani, nikamngoja amalize, nimwambie na yeye habari ya ile alama, mbele ya wenzake.