Jina Langu Chini ya Lako

Itetemia, baada ya mavuno

Mama Kalunde, mke wangu,

Nimechoka, na aliyekuwa akinisikiliza nikichoka ni wewe. Ndiyo maana nakuandikia.

Juma lililopita nilikwenda hospitali ya misheni. Kifua kinanibana tangu mvua zilipokatika. Karani mpya akafungua daftari la wafanyakazi, akanionyesha mstari uliokatwa: jina lako, na chini yake langu. Akanieleza kwa upole kwamba nilikuwa nikitibiwa bure kwa sababu mke wangu alifanya kazi pale, na sasa haki hiyo imekwisha. Sikumlaumu. Nilikaa kidogo kwenye benchi, nikarudi kwa miguu.

Njiani nikakumbuka nilivyokusumbua kwa jambo hilohilo. Ngiri ilinitesa miaka miwili. Nililima nimeinama, sikulala, wala wewe hukulala. Ukaniambia Sista mkuu wa hospitali amekubali nipasuliwe bila malipo, kwa kuwa wewe ni mfuaji nguo pale. Nikakataa. Nikasema mwanamume hatibiwi kwa jina la mkewe. Ukweli sikuusema: mashuka ya wodi mliyafua wewe na wenzako, nami niliona haya mfue na yangu. Nikawa mkali, nikala peke yangu. Nawe ukaacha kuimba ukitwanga. Tukaishi kama wapangaji wawili.

Mpaka asubuhi ile uliponikuta nimejikunja kwenye matuta ya mihogo. Hukupiga kelele. Ulichuchumaa, ukasema, "Nimefua mashuka ya waume wa watu tangu Kalunde ananyonya. Ya kwako ndiyo yatanishinda?"

Nikaenda. Kila mchana ulikuja wodini, vidole vimekunyata kwa maji na sabuni, ukaniletea uji. Wauguzi waliniita mume wa Mama Kalunde, wala sikufa kwa hilo. Niliporudi nyumbani tulilala usingizi, tukala sahani moja, ukaanza tena kuimba ukitwanga. Uzeeni, mke wangu. Nadhani ndipo tulipooana hasa. Kisha homa ikakuchukua kwa siku nne, na mimi...

Basi.

Kalunde ameniandikia mara mbili kutoka kwa mumewe Bukene, anataka nikakae nao. Mara mbili nimemjibu kwamba shamba haliachiki. Si shamba. Nilikuwa naona kifua hiki kitanifikisha kwako, nikakiacha kifanye kazi yake, mpaka juma lililopita kiliponizidi nguvu. Sikuwahi kumwambia mtu. Ungekuwepo ungejua tu kwa kunitazama.

Leo nimemwandikia binti yetu kwamba nakuja na treni ya Jumamosi. Shamba nimemwachia mdogo wako. Huko Bukene kuna dispensari ya serikali; nitakaa foleni na wazee wenzangu, nisubiri zamu yangu.

Lala salama, Mama Kalunde. Nitachelewa kidogo kukufuata. Nakuahidi nitameza dawa zao, na binti yetu akiniuliza naumwa wapi, nitamwonyesha.

Mumeo,
Baba Kalunde